Nyonga ya Siku Themanini na Nne

"Tembea tena," nilisema.

"Mama, nimeshatembea mara nne."

"Basi hii itakuwa ya tano. Toka mlangoni hadi kwenye sinki, urudi. Usiangalie miguu yako. Niangalie mimi."

"Ukinikazia macho hivyo najiona kama ng'ombe mnadani."

"Ng'ombe angekuwa ameshafika kwenye sinki."

Mwantumu alisonya, akatembea. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kina urefu wa hatua saba tu, lakini hatua saba zinamtosha mtu aliyezoea kuangalia mifupa. Mguu wake wa kulia ulitua vizuri, vidole vikielekea mbele na nje kidogo, kama mguu wa mtu yeyote. Wa kushoto, wenye nyonga mpya, ulitua umegeukia ndani. Si sana. Mtu mwingine asingeona. Mimi niliona kwenye hatua ya pili, na kila hatua iliyofuata ilizidi kunichemsha.

"Vidole vinaangalia ndani," nilimwambia.

"Ni misuli."

"Si misuli."

"Nimekaa kwenye magongo wiki kumi na mbili, Mama. Leo ndiyo mara ya kwanza nakanyaga bila gongo. Ulitaka nitembee kama askari wa gwaride?"

"Misuli ikilegea, mguu unaangukia nje. Wako unaingia ndani. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Na picha je?" Alinyooshea kidole skrini ya ukutani, ambako jina lake liliandikwa juu ya mstari wa kijani. "Ya leo asubuhi kijani. Ya wiki iliyopita kijani. Zote kumi na mbili kijani. Msimamizi wa picha hapa ni wewe. Unataka kuniambia kazi yako ni uongo?"

Hapo alinigusa pabaya, na alijua.

"Nakwambia saa nne hufungwi mfupa huo mpaka nijue una nini."

"Nafungwa. Nina miaka ishirini na minne na sahihi nimeweka mwenyewe. Jumatatu naripoti mnarani."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu huu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi.

*

Mwantumu ni fundi wa minara. Tangu mwaka ule barabara ya mlima ilipomomoka mara tatu katika msimu mmoja wa mvua, watu na kabichi na mbao hupanda na kushuka Usambara kwa vigari vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Kamba hizo zimeshikwa na minara mia moja na kumi na miwili, na kila mnara lazima mtu aupande, aukague, akaze kilicholegea. Mwanangu anaipenda kazi hiyo kuliko anavyopenda kula. Alikuwa akishuka mnara wa sitini na tatu, ngazi zimelowa, akateleza. Mita sita. Nyonga ya kushoto ilipasuka kama kikombe.

Zamani angewekewa chuma, na mtu mwenye chuma nyongani haruhusiwi kupanda. Daktari Mchomvu, mpasuaji wetu hapa Kwemdoe, alimwotesha nyonga badala yake.

Mfupa wa kuotesha ni rahisi kuueleza. Daktari anaweka wavu laini wenye chembe za mgonjwa mwenyewe, na wavu huo unapokea maelekezo. Kila wiki tunapiga picha. Mashine inalinganisha picha hiyo na mfupa unavyotakiwa kuwa, kisha inautumia wavu maagizo: ota hapa, acha pale. Kwa siku themanini na nne mfupa unafinyangika kama udongo. Siku ya themanini na nne unafungwa. Umeme mdogo unapita, wavu unaacha kupokea maagizo, mfupa unakauka na kubaki ulivyo maisha yote. Unaweza kuchelewa hadi siku ya themanini na saba. Ukipitisha hapo, mwili unaanza kuula mfupa, na kinachobaki ni kumpasua mgonjwa upya na kumwekea chuma.

Kwa Mwantumu, leo ilikuwa siku ya themanini na nne. Alhamisi.

Kanuni zinanikataza kumpiga picha ndugu yangu, kwa hiyo picha zake zote alizipiga mwenzangu Hoza. Nilimwita.

"Hoza, lete eksirei ya magurudumu."

"Ile tunayopimia vifua vya wafanyakazi?" Hoza ana kitambi na moyo wa upole, na hapendi haraka. "Mama Mwantumu, ile ni nzee kuliko mimi."

"Na inafanya kazi kuliko wewe. Ilete."

"Mimi sipigwi," Mwantumu alisema.

"Dakika kumi. Nikikosea, nakuomba radhi mbele ya Hoza."

Alifikiri kidogo. "Mbele ya kliniki nzima."

"Mbele ya kliniki nzima, na nitakupikia wali wa nazi."

Alilala. Nilitaka picha ya zamani kabisa, isiyokadiriwa na mashine yoyote, kivuli cha mfupa tu juu ya sahani ya picha. Nilimvalisha gauni fupi la kliniki, nikachukua kabatini vile vishikio vya plastiki vya kuweka miguu, nikavipangusa vumbi, nikaipanga miguu yake ndani yake, magoti yakitazama dari. Hoza alibonyeza kutoka nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia miale. Picha moja kutoka mbele, moja kutoka ubavuni. Kisha nikakaa na rula na kipima pembe, kama nilivyofundishwa chuoni mwaka wa pili, wakati tulipokuwa tunacheka kwamba hayo hayatatufaa kamwe.

Shingo ya paja ni kile kipande kinachounganisha mfupa wa mguu na kichwa chake kilichomo ndani ya nyonga. Kwa watu wengi inaelekea mbele kidogo. Ya kulia ya Mwantumu, aliyozaliwa nayo, ilielekea mbele digrii kumi na nne. Ya kushoto, tuliyomwotesha sisi, digrii ishirini na tano.

Nilipima mara tatu. Kisha nikampa Hoza kipima pembe akapima yeye.

"Ishirini na tano," alisema kwa sauti ndogo.

Mwantumu alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Maana yake nini?"

"Shingo ikizidi kwenda mbele, mguu unageuka ndani ili kichwa kikae sawa. Huwezi kuuzuia kwa mazoezi. Utakuwa unaweka mguu kwenye ngazi ya mnara na kisigino kitakuwa kinatoka nje kila mara. Si ngazi zilizolowa tu. Zote."

Hakubishana tena. Aliujua mwili wake kwenye ngazi kuliko mimi.

"Lakini mashine imesema kijani," Hoza alisema.

"Imekosea."

"Haijawahi kukosea."

"Basi sisi ndio tumeidanganya. Twende tukaone tunaidanganyaje."

*

Chumba cha pili, kwenye kitanda cha picha, alikuwa amelala Bibi Mwanahawa Singano, miaka sabini na moja, muuza tangawizi. Naye alikuwa siku ya themanini na nne, zamu yake ya kufungwa ilikuwa saa tano. Duara la mashine lilikuwa linamzunguka taratibu, likitoa sauti kama ya nyuki walioshiba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo ya mwisho, eti? Nimechoka kuzungukwa kama hindi la kuchoma."

"Ya mwisho. Umelala vizuri?"

"Nimejifunga kama ulivyotufundisha."

Nilimtazama. Bibi Mwanahawa alikuwa amejifunga kanga kutoka kiunoni hadi magotini, na magotini ameipiga fundo imara ili isifunguke duara likizunguka. Miguu yake ilikuwa imebanwa pamoja. Vidole gumba viligusana.

"Bibi," nilisema, "legeza hilo fundo."

"Mbele ya Hoza?"

"Hoza, geuka ukutani."

"Nimegeuka," Hoza alisema, akiwa ameshageuka zamani.

Bibi Mwanahawa alilifungua fundo. Miguu yake yote miwili ikafunguka, ikaangukia nje, kila mmoja upande wake, kama kitabu kinavyofunguka ukikiweka mezani.

Nikaitazama kanga ile.

Mashine yetu ilifundishwa kwa miguu iliyolala ndani ya vishikio. Inaamini kwamba kila mguu inaouona umelala sawa. Kanga ikiubana mguu ukageukia ndani, mashine haioni kanga, inaona mfupa tu. Inadhani mguu umenyooka na shingo ndiyo iliyorudi nyuma. Kwa hiyo inaagiza: isogeze shingo mbele. Wiki ya pili, tena. Wiki ya tatu, tena. Inasogeza mpaka picha ya mguu uliobanwa na kanga inaonekana kama picha ya mguu uliolala sawa, kisha inaandika kijani. Mgonjwa akisimama na kufungua kanga yake, ndipo kupinda kote kunaonekana chini, kwenye vidole.

Na kanga hiyo niliiruhusu mimi.

Miaka sita iliyopita wanawake walikuwa hawaji. Walisikia kwamba ukifika Kwemdoe unavaa gauni fupi, miguu inapanuliwa kwenye vishikio, na anayekupanga ni mwanaume. Walibaki nyumbani na nyonga zilizovunjika. Nikaandika utaratibu mpya, ukurasa mmoja: wanawake wataingia na kanga zao, vishikio havitatumika, wafunge vizuri magotini ili nguo isipeperuke. Wakaja. Vituo vinne vya mlimani vikauiga ukurasa wangu neno kwa neno. Nilipewa cheti. Hata Mwantumu, anayepanda minara na suruali mbele ya wanaume thelathini, akifika kwenye kitanda cha Hoza anajifunga kanga kama bibi harusi.

"Nifunge tena?" Bibi Mwanahawa aliuliza.

"Hapana, Bibi. Vaa gauni lako, ukae benchi. Usiingie chumba cha kufungia mpaka nije mwenyewe."

"Kuna ubaya?"

"Upo. Nakuja kukwambia."

Niliingia kwenye kumbukumbu. Nilizigawa faili mafungu mawili, wanaume na wanawake, nikamwambia Hoza anisomee maagizo ambayo mashine iliutumia kila mfupa. Wanaume thelathini na sita: mmoja mbele, mmoja nyuma, mwingine hakuguswa, kama kawaida ya mifupa ya watu. Wanawake arobaini na mmoja: mbele, mbele, mbele. Hoza aliposoma wa kumi na tano alinisogezea orodha. Nikaendelea kusoma mwenyewe.

Hao arobaini na mmoja wote walikuwa wameshafungwa. Wengi ni watu wazima, wanavaa magauni marefu, na walipolalamika tuliwaambia ni misuli, au ni umri. Nilikumbuka mmoja niliyemwambia hivyo mimi mwenyewe, mlangoni, nikiwa na haraka ya kwenda kula.

*

"Kaa," alisema Daktari Mchomvu.

"Nitasimama."

Alikuwa ameziweka sahani zangu mbili za eksirei kwenye dirisha, zikipigwa na mwanga. Ni mtu mrefu, Mpare wa kweli, hapotezi neno wala kipande cha uzi. Mwantumu alikuwa amekaa kando ya meza, magongo yake mapajani. Nilikuwa nimesema lazima awepo.

"Digrii kumi na moja," daktari alisema. "Tukianza sasa hivi, mashine inaweza kuirudisha shingo digrii nne kwa siku. Leo, kesho, keshokutwa. Jumapili, siku ya themanini na saba, tunamfunga. Inawezekana."

Mwantumu alivuta pumzi ndefu.

"Ila faili lake limesoma kijani," daktari aliendelea. "Mashine haitalifungua bila sababu. Sababu zinazokubalika ni mbili tu zinazotuhusu. Ya kwanza, mgonjwa alitikisika wakati wa picha. Ukiandika hiyo, linafunguka faili lake peke yake, na tunaanza."

"Na ya pili?" Mwantumu aliuliza.

"Utaratibu wa kupiga picha una kasoro," nilimjibu mimi. "Nikiandika hiyo, mashine inasimamisha kila faili lililopigwa kwa utaratibu huo. Hapa na vituo vinne. Hakuna anayerekebishwa, hakuna anayefungwa, mpaka mkaguzi aje afungue kwa mkono wake."

"Anakuja lini?"

"Akiwahi, Jumatano," daktari alisema.

Mwantumu alihesabu. Nilimwona akihesabu. "Jumatano ni siku ya tisini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mguu wangu nao unasimamishwa."

"Ndiyo."

Daktari aliegemea kiti. "Mama Mwantumu, nisikilize. Sikwambii ufiche. Andika leo kwamba binti alitikisika. Bibi Singano naye alitikisika. Jumapili tukishamaliza, Jumatatu asubuhi uandike ukweli wote. Nitaweka sahihi pamoja nawe. Siku nne tu."

"Wangapi wanafungwa ndani ya siku hizo nne?"

"Hapa ni hawa wawili."

"Na vituo vingine vinne?"

Daktari aliivuta ratiba. Nilikuwa nimeshaangalia ratiba, kwa hiyo nilimsaidia. "Wanawake kumi na tisa. Wa kwanza ni leo saa sita."

"Wapigie simu vituo. Waambie wavue kanga."

"Kuvua leo kunamsaidia atakayeanza kesho. Hawa wana wiki kumi na mbili za mfupa uliopinda. Mashine inawaona kijani na itawafunga kwa kijani. Nikiwaambia wenzangu wa vituoni wasiwafunge, wataniuliza kwa sababu gani. Niwafundishe wote uongo wa kutikisika? Wanawake kumi na tisa wametikisika siku moja?"

"Kumi na tisa hao wakisimamishwa nao wanapoteza," daktari alisema. "Hilo umelifikiria? Mkaguzi akija Jumatano wamepita siku zao."

"Nimelifikiria. Wengine wana siku mbili mbele yao, wengine tatu. Watapoteza kama Mwantumu anavyopoteza, lakini watajua kwa nini, na hakuna atakayefungiwa mguu uliopinda bila kuambiwa. Sasa hivi tunawachagulia, kisha tunawaambia ni misuli."

"Na arobaini na mmoja waliofungwa? Utawapa nini zaidi ya maumivu ya kujua?"

"Wakijua, wanaweza kudai kupasuliwa upya. Wasipojua, watakufa wakiamini hawakufanya mazoezi ya kutosha."

Nje, Bibi Mwanahawa alikuwa anamwuliza mtu kwa sauti kubwa kama kliniki hii bado inatoa chai.

Nilimgeukia mwanangu. Sikuwa nimepanga maneno. Sijui kuyapanga, nayatoa yakiwa hivyo hivyo.

"Mwantumu. Mguu ni wako, lakini ukurasa ule ni wangu. Nikiandika umetikisika, nakuponya wewe na kuwafungia wengine kwa mkono wangu, huku najua. Mpaka leo asubuhi nilikuwa sijui."

"Kwa hiyo umeshaamua."

"Nimeshaamua."

"Mbona umeniita basi?"

"Nilitaka nifanye ukiwa umekaa hapa, uso kwa uso. Sikutaka ukasikie kwa watu."

Macho yake yalijaa lakini hayakumwagika. Sisi hatumwagi ovyo.

"Ungekuwa mama wa mwenzangu," alisema, "ningekusifu."

"Najua."

"Usiniambie unajua! Wewe hujui. Wewe utatoka hapa umesimama wima, unasema nilisema kweli. Mimi nitatoka na chuma, nikakae ofisini nikate tiketi za vigari na kuwaangalia wenzangu wakipanda." Aligonga gongo sakafuni. "Na ukisema uongo nitapanda, na kila nikipanda nitamfikiria yule bibi anayeitisha chai. Umeniharibia njia zote mbili, Mama."

"Ndiyo," nilisema. "Nimekuharibia."

Kompyuta ya daktari ilikuwa wazi mezani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba. Nilizunguka meza. Daktari angeweza kunizuia, ana mikono mirefu. Alisogeza kiti chake pembeni.

Nilichagua sababu ya pili. Mashine ikauliza jina la mwandishi wa utaratibu. Nikaandika Zubeda Shekilaghe, stashahada ya picha za uchunguzi, msimamizi. Ikaniuliza kasoro ni nini. Niliandika: Kanga iliyofungwa magotini inageuza paja ndani. Mashine inasahihisha kosa lisilokuwepo. Wanawake wote. Niliruhusu mimi. Ikaniuliza kama nina hakika, ikaonya kwamba hatua hii haiwezi kutenguliwa kituoni.

Nikabonyeza.

Skrini ilijaa majina, moja baada ya jingine, kila moja likibadilika kutoka kijani kuwa jekundu. Yalipangwa kwa saa ya kufungwa. La Mwantumu lilikuwa la kwanza.

Alilitazama jina lake. Kisha akajifuta pua kwa kiganja na kumgeukia daktari.

"Kabla ya mashine," alisema, "mlikuwa mnageuzaje?"

"Kwa mkono," Daktari Mchomvu alisema. "Tunausukuma wavu kwa umeme wa sindano, tunapiga picha ya kawaida kila baada ya saa nne, tunapima, tunarudia, mwisho tunafunga kwa mkono vilevile. Sijafanya miaka tisa. Kati ya wawili, mmoja alikuwa anapona."

"Imesimamishwa nayo?"

"Haiwezi kusimamishwa. Haimo kwenye mashine." Alikuwa ameshaanza kuvua koti lake. "Hoza! Ile eksirei usiirudishe stoo. Na mlete Bibi Singano, tumweleze, aamue kama anataka."

"Nani atapima pembe?" Mwantumu aliuliza.

"Hoza," nilisema. "Ameshajua. Mimi kanuni zinanikataza kukupiga picha."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshachukua simu ya mezani na orodha ya arobaini na mmoja. Nilibonyeza namba ya aliyetangulia, Mwalimu Zaina Kiondo, aliyefungwa mwaka ule wa kwanza wa ukurasa wangu. Ndiye yule niliyemjibu mlangoni nikienda kula. Simu iliita mara tano.

"Nani?"

"Zubeda wa picha, Kwemdoe. Mwalimu, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Iangalie miguu yako."

Nilisikia kuku nyuma yake, na redio.

"Nimeiangalia miaka sita," alisema. "Mlisema ni mimi, sifanyi mazoezi."

"Tulikosea. Ni mimi. Vuta kiti ukae, Mwalimu, nikueleze nilichokufanyia. Niulize chochote unachotaka, na ukitaka kunitukana nitukane, lakini usikate simu mpaka nimalize. Nina wengine arobaini."